Mchunga nini? Swali la sarufi kwa wenye vyeo kanisani

Mkutano wa injili unapoandaliwa mjini Isiolo, mabango hutangulia. Jina la mhubiri huja mwisho, nyuma ya msafara wa vyeo: Mtume, Nabii, Askofu, Daktari. Wapo Wakristo wanaokereka na kutaka vyeo vyote vifutwe, maana katika Mathayo 23 Yesu aliwakataza wanafunzi wake kuitwa rabi, baba wala kiongozi. Wengine hujibu kwamba mwenye cheo na aitwe kwa cheo chake, kwani heshima si utumwa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeruka swali ambalo Kiswahili chenyewe kinawauliza.

Tuanze na mchungaji. Katika kaunti hii ya wafugaji, neno hilo halijahamia kanisani kabisa. Mchungaji bado ni mtu anayekanyaga vumbi nyuma ya mbuzi. Sasa tazama sarufi yake. Kitenzi chunga kinatupa nomino mbili. Ya kwanza, mchunga, haijitoshelezi. Ukisema "yule ni mchunga," utaulizwa papo hapo, "Mchunga nini?" Sharti uongeze ng'ombe, mbuzi au ngamia. Ya pili, mchungaji, imepata kiambishi -ji na inasimama peke yake. Ndivyo ilivyo kwa msoma vitabu na msomaji, mwinda ndovu na mwindaji. Hapo ndipo cheo hupata upenyo: shamirisho hudondoka, kundi likasahaulika, akabaki mtu na sifa yake. "Pasta" limekwenda mbali zaidi, kwa kuwa halimkumbushi msemaji wa Kiswahili kitenzi chochote.

Mtume nalo limetokana na tuma. Kiishio -e hapa humtaja anayetendwa, kama kiumbe aliyeumbwa au mteule aliyeteuliwa. Mtume, basi, ni aliyetumwa. Na nani? Kwa nani? Isiolo swali hili lina uzito wa ziada, kwa sababu Wakristo na Waislamu wanaishi ua kwa ua, na Mwislamu akisikia "Mtume" bila jina la mtu humwelewa Muhammad. Anayejiita hivyo kwenye kipaza sauti, soko zima likimsikia, afahamu ni neno gani analolishika. Paulo naye alijiita mtume, wala hakuona haya. Lakini anapofungua waraka wake kwa Warumi, anajitaja kwanza kuwa mtumwa wa Kristo, halafu mtume, tena mtume aliyeitwa. Cheo anacho, ila hakijabanduka kutoka kwa aliyemtuma.

Hebu tazama pia mtumishi, neno lililozaliwa na tumika jinsi mpishi alivyozaliwa na pika. Lilikuwa neno la mtu wa chini. Siku hizi ukisikia ati "Mtumishi amefika!", watu husimama, mmoja anafungua mlango wa gari, mwingine anapokea Biblia. Hapo sasa, anayetumika ni nani?

Hata hivyo, kufuta vyeo si dawa. Kumwita mzee kwa jina tupu ni utovu wa adabu, si unyenyekevu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya ulijaribu njia nyingine: waumini waliitana ndugu, awe kasisi au mkulima. Lilikuwa jambo jema. Lakini hata ndugu laweza kugeuka cheo, likitumiwa kuwatenga waliookoka na wengine wote.

Kwangu mimi, jambo kubwa ni nani anayelitamka neno. Mheshimiwa lina -w- ya kutendwa ndani yake: anayeheshimu ni mtu mwingine. Anayejitambulisha kuwa Mheshimiwa Askofu fulani amejitwalia nafasi mbili katika sentensi moja, ya mtendaji na ya mtendwa. Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na haya si mambo ya mitihani ya sarufi tu. Cheo kisichoulizwa swali hufunga midomo ya watu. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na Wakenya wakabaki wakijiuliza muumini hufikaje mahali pa kutothubutu kumhoji kiongozi wake. Isiolo nayo ina kumbukumbu ya aina nyingine. Julai 14, 2005, Luigi Locati, Mwitalia aliyekuwa askofu wa Wakatoliki wa hapa, aliuawa kwa risasi mjini humu. Itifaki ya kanisa lake ilimpa neno Mhashamu. Lakini lau mtu angeuliza "mchunga nini?", jibu lilikuwapo: watu wa Isiolo, ambao aliishi kati yao hadi siku hiyo.

Kwa hivyo mabango na yabaki, na vyeo viandikwe. Ila tunapomwita mtu mchungaji, tumrudishie shamirisho lake. Tuwe huru kumuuliza ni wa kundi gani, na kondoo wake wana hali gani. Aliye mchungaji kweli hatachukia swali hilo. Mfugaji yeyote wa Isiolo huulizwa hivyo kila jioni, na hujibu.