Mgeni na Mawe ya Hawaii

Msomaji, bila shaka umepata kumsikia mzee akisema juu ya kijiji chake, "Hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu." Asemapo hivyo hatoi habari ya kuzaliwa kwake tu. Anadai haki juu ya ardhi ile, na papo hapo anakiri wajibu wa kuitunza. Mbali sana na sisi, katika bahari ya Pasifiki, wako watu ambao wangeyafahamu maneno hayo mara moja. Katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, mahali paitwapo Puʻu Loa, uwanda wa mawe meusi yaliyotapikwa na volkeno umechongwa alama zaidi ya 23,000. Baadhi ni sura za watu, lakini nyingi ni vitundu vidogo tu. Wazazi walikuwa wakitia ndani ya vitundu hivyo vitovu vya watoto wao wachanga, wakiwaombea umri mrefu.

Leo njia ya mbao imejengwa kando ya alama hizo ili mgeni atazame bila kukanyaga. Jiwe ni gumu, lakini viatu vya maelfu ya watu hulila kama maji yalavyo ukingo wa mto. Njia hiyo yatuletea swali linalostahili kupimwa kwa makini: mtu azurupo mahali patakatifu pa watu wengine, yampasa nini?

Kabla ya kujibu, yafaa tuwajue wenye nyumba. Hawaii ilikuwa ufalme wenye serikali yake mpaka mwaka 1893, Malkia Liliʻuokalani alipopinduliwa. Mwaka 1898 Marekani ilivitwaa visiwa hivyo, na mwaka 1959 vikawa jimbo lake la hamsini. Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni 10 walifika katika visiwa vyenye wakazi wapatao milioni 1.4. Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli kwamba wenyeji wengi wa Hawaii hupata riziki yao kwa wageni, na mhakiki asiyekubali jambo hilo hasemi haki. Lakini methali haikusema mwenyeji apate fedha, ilisema apone. Fedha zaweza kuingia nyumbani kwa mlango mmoja na heshima ikatoka kwa mwingine.

Tazama jambo la mawe. Katika pwani ya Kawaihae husimama Puʻukoholā, hekalu kubwa alilojenga Mfalme Kamehameha katika miaka ya 1790 na 1791. Kuta zake zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa. Mapokeo yasema kwamba mawe yalitoka katika bonde la Pololū, mwendo wa zaidi ya kilometa 30, yakipita mkono kwa mkono katika mstari mrefu wa watu. Ukiisha kusikia hayo huwezi tena kusema, "Hili ni jiwe tu." Kila jiwe lilipitia katika viganja vya watu, na liliwekwa mahali pake kwa makusudi. Tetemeko la ardhi lilipobomoa sehemu ya hekalu hilo mwaka 2006, kuta zilirudishwa kwa ufundi ule ule wa kupanga mawe makavu.

Basi fikiri jinsi mwenyeji aonavyo mgeni aokotapo mawe katika mahali kama hapo, akajijengea kichuguu chake cha ukumbusho, au akafunga jiwe katika jani na kuliacha kama sadaka. Mgeni huyo hana chuki, na pengine moyo wake umejaa unyenyekevu. Amewaona wengine wakifanya hivyo, akadhani ndiyo desturi ya nchi. Lakini kwa kuiga ibada asiyoijua ameliondoa jiwe la kweli mahali pake, na ameweka alama ya uongo itakayompoteza mgeni ajaye. Walinzi wa hifadhi hulazimika kuvibomoa vichuguu hivyo na kuziondoa sadaka hizo, na vyakula vilivyoachwa huwaita panya.

Vivyo hivyo ndivyo ilivyo habari ya Pele, mungu wa kike wa volkeno, ambaye jamaa kadhaa za Hawaii humhesabu kuwa mzazi wao wa kale. Wageni wameambiana kwamba Pele humlaani kila achukuaye jiwe lake. Hadithi hiyo haina mizizi katika mapokeo ya kale. Ilienea katika karne ya 20 katika biashara ya utalii. Hata hivyo, kila mwaka vifurushi vya mawe hurudishwa kwa posta pamoja na barua za toba, na walinzi hawajui kila jiwe lilitoka wapi. Aliyeliiba jiwe kwa tamaa analirudisha kwa hofu, na katika safari zote mbili alijifikiria nafsi yake. Hofu hii si heshima.

Huenda msomaji akapinga, aseme, "Je, Wahawaii wenyewe hawakuiacha dini yao?" Ni kweli kwamba mwaka 1819 Mfalme Liholiho alikula pamoja na wanawake, akaivunja miiko ya kale iitwayo kapu (neno hili lisichanganywe na kapu letu la ukindu), na mahekalu mengi yakaamriwa kubomolewa. Lakini kuacha kafara si kuacha mifupa ya babu zako, wala jina la mahali ulipozaliwa. Mtu aweza kubadili sala yake na bado asikubali kaburi la bibi yake ligeuzwe kuwa kiti cha kupigia picha.

Je, dawa ni kufunga milango? La. Mfano mwema uko Hāʻena, katika kisiwa cha Kauai, penye jukwaa la kale la wacheza hula. Zamani magari yalijaa pale mpaka njia ikazibika. Kisha mafuriko ya mwezi wa Aprili 2018 yakafundisha somo: barabara iliharibika, wageni wakatoweka, na ardhi ikapumua. Hifadhi ilipofunguliwa tena mwaka 2019, iliwekwa sheria kwamba wageni watokao nje ya jimbo wasizidi 900 kwa siku, nao waombe nafasi kabla ya kuja. Wazao wa jamaa za kale za mahali pale, ambao walikwisha kuyafufua mashamba ya majimbi ya wazee wao, wana sehemu katika ulinzi wake. Mgeni bado huja, lakini huja kwa masharti ya mwenye nyumba.

Hapo ndipo ulipo uamuzi wetu. Kosa la mgeni si kuja kwake, wala si kutazama kwake. Kosa lake ni kujichagulia mwenyewe namna ya kuheshimu, bila kumwuliza mwenyeji. Heshima aliyojitungia mgeni hulisha nafsi yake tu, lakini heshima ya kweli huanza kwa swali na hukubali jibu, hata jibu likiwa, "Usiingie hapa." "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," walisema wazee. Jembe la mgeni wa Hawaii ni dogo: apite juu ya njia ya mbao, aache jiwe lilipo, na aondoke bila kuacha alama. Nawe msomaji, siku utakapofika mahali kilipozikwa kitovu cha mtu mwingine, kumbuka kwamba mikono mitupu wakati wa kutoka ndiyo sadaka bora.