Kifua cha Yadier Molina

Timu ya besiboli inapoingia uwanjani kulinda, wachezaji wanane humtazama mpigaji usoni. Wa tisa amechuchumaa nyuma yake, barakoa usoni, kinga kifuani, na ndiye peke yake anayewaona wenzake wote kwa mbele. Huyo ndiye mdakaji. Macho ya watazamaji hufuata gongo na mpira unaopaa kuelekea jukwaani. Mimi hubaki na yule aliyechuchumaa, na aliyenizoeza hivyo ni Yadier Molina wa Puerto Rico, aliyeidakia timu moja tu, Cardinals ya St. Louis, kuanzia 2004 hadi 2022.

Baba yake, Benjamín, alikuwa fundi wa mchezo huu katika ligi za ridhaa kisiwani. Hakuwahi kulipwa kuucheza, lakini aliwafundisha watoto wa mtaani kwenye uwanja uliokuwa mkabala na nyumba yake, na wanawe watatu, Bengie, José na Yadier, wote wakawa wadakaji katika ligi kuu ya Marekani, na wote wakaonja ubingwa. Mzee alianguka na kufariki mwaka 2008 akiwa kwenye uwanja huohuo.

Kazi yenyewe huonekana vizuri mpira unapodunda udongoni. Mwili wa mtu ukiona kitu kinaujia kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa hutaka kugeuza uso. Molina hakugeuza. Alitupa magoti chini, akaziba kwa glavu ule upenyo wa katikati ya mapaja, akakibana kidevu kifuani na kukunja mabega kwa mbele. Kinachotakiwa hapo si kuudaka mpira. Kinachotakiwa ni kifua kiupokee kama gunia la pamba, udondoke palepale mbele ya magoti, asiwepo mkimbiaji wa kuthubutu kuondoka.

Kifua hicho ndicho kilichowapa warushaji wake ujasiri. Mpira wa kujikunja humlaghai mpigaji pale unapozama dakika ya mwisho, na ukizama kupita kiasi hupiga ardhi. Mrushaji asiyemwamini mdakaji wake huuogopa mpira huo kukiwa na mkimbiaji adui kwenye kituo cha tatu, cha mwisho kabla ya kufunga. Wa Molina waliurusha.

Oktoba 19, 2006, Shea Stadium, New York, mchezo wa saba kati ya Cardinals na Mets wa kuamua nani ataingia fainali. Molina, ambaye msimu mzima gongo lake lilikuwa limelala, alikuwa ameupeleka mpira nje ya uwanja katika ngwe ya tisa na kuipa timu yake uongozi wa 3-1. Sasa ni zamu ya Mets. Vituo vyote vitatu vina watu, wawili wameshatolewa, na anayeingia na gongo ni Carlos Beltrán, Mpuerto Rico mwenzake, mwenye mipigo 41 ya nje ya uwanja msimu ule. Mrushaji ni Adam Wainwright, kijana mgeni wa ligi. Molina anamfuata, wanakubaliana mpira wa kuanzia. Akiwa njiani kurudi anabadili mawazo. Anachuchumaa, na vidole vyake vinaomba mpira mwingine kabisa, ule wa polepole. Beltrán anauacha, unahesabiwa dhidi yake. Wa pili, wa kujikunja, anaugusa unatoka pembeni. Wa tatu ni wa kujikunja tena. Unashuka hadi kwenye glavu na Beltrán amesimama, gongo begani. Mchezo umekwisha. Siku chache baadaye Cardinals walikuwa mabingwa.

Glavu za Dhahabu, tuzo za walinzi bora, alipata 9. Mkono wake uliwatia wakimbiaji woga hata wengi wakaacha kujaribu kuiba vituo. Mwaka 2018 mpira uliochepuka kwenye gongo ulimpiga kinenani, akapasuliwa usiku uleule, na mwezi mmoja baadaye alikuwa amechuchumaa tena. Nikikumbuka hilo magoti yangu mwenyewe huuma.

Yeye na Wainwright walianza pamoja michezo 328, idadi ambayo hakuna mrushaji na mdakaji waliowahi kuifikia. Kabla ya kila mchezo walitoka mahali pa kupashia misuli wakiutembea uwanja bega kwa bega, taratibu, mmoja akiwa amevaa kinga zote, mwingine akiwa na glavu tu.