Ulimi Uliofundwa

Rigveda, mojawapo ya Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, ina nyimbo 1,028, na kwa karne nyingi zilikaa vinywani mwa watu, si kwenye karatasi. Ndiyo maana wazee wa India waliyafanya matamshi ya Kisanskriti kuwa elimu kamili, shiksha.

Msomaji aliyepitia madrasa ataitambua upesi, maana ni ndugu wa tajwidi. Kila sauti ina kwao: kooni, kaakaani, kwenye ncha ya ulimi iliyopindwa juu, menoni, midomoni. Irabu fupi hupewa pigo moja, ndefu mawili. Juu ya hayo kuna toni. Kwa Wanambudiri, jamii ya makuhani wa Kerala, kusini mwa India, mwalimu hukishika kichwa cha mtoto kwa mkono, akakiinamisha na kukiinua kufuata toni, mpaka shingo yenyewe ikariri.

Ninachokistaajabia zaidi ni mtindo wa kughani uitwao ghana. Mghani hutamka neno la kwanza na la pili. Anageuza, la pili na la kwanza. Kisha la kwanza, la pili, la tatu. Anarudi kinyumenyume, la tatu, la pili, la kwanza. Halafu yote matatu tena kwa mpango wake. Akimaliza, anaanzia neno la pili. Na Kisanskriti hubadili sauti pale maneno yanapokutana, kwa hiyo kila mgeuzo unadai matamshi mapya, papo hapo, bila kusita. Neno likidondoka mahali pamoja, mengine yanalishtaki.

Wapo wasemao Mungu hutazama moyo, ulimi ukiteleza si neno. Wenye Veda hujibu kwa kisa cha mungu Tvashtri, aliyeomba mwana wa kumuua Indra, mfalme wa miungu. Mkazo ukakaa silabi isiyo yake, dua ikageuka, na mwana akauawa na Indra. Mimi naona kisa hicho hakikusudii kutisha tu. Mtu anayehangaika miaka na miaka kuinyoosha sauti moja anaabudu tayari, hata kabla ya sala kuanza.

UNESCO iliutambua ughani huu mwaka 2003. Inaeleza kwamba matawi yake yaliwahi kuzidi 1,000. Yaliyobaki ni 13. Ukijaliwa kumsikia mghani wa ghana, keti umsikilize mpaka mwisho, hata kama huelewi neno.