Tabibu Aliyenyang'anywa Shaka Yake

Katika filamu zote za mapepo na watawa nilizopata kuzitazama, sijaona taksiri iliyo dhahiri kama ile ya Juan López Moctezuma katika Alucarda, filamu ya Mexico ya mwaka 1977, pale alipomwinua yule mtawa aliyeungua moto mbele ya macho ya Dakta Oszek, na mbele ya macho yetu sisi, pasipo kivuli wala pazia.

Tabibu huyu, mtakumbuka, ndiye aliyeingia kwa ghadhabu katikati ya kupunga pepo, Justine, binti aliyedhaniwa kupagawa, yu msalabani, akamkabili Padre Lázaro, mpungaji, na kumwita jahili usoni pake. Na kwa kuwa binti alikwisha kukata roho mikononi mwa wapungaji, hoja ya tabibu ilikuwa na burhani ya maiti. Mizani kati ya tabibu na padre ilikuwa sawa, na mtazamaji hakujua aelemee wapi. Mara mwili ule mweusi kama kaa unatikisika, unanyanyuka, unakatwa kichwa, naye Oszek anaona na kusadiki; na tangu hapo yule padre, ambaye damu ya Justine ingali shingoni mwake, hadaiwi tena na mtu. Laiti kamera ingalitulia juu ya uso wa Claudio Brook, mwigizaji wa Oszek, sisi tukasikia tu pigo la upanga lililo nje ya picha, tungalitoka na shaka yetu nzima.

Sikatai, mavazi ya watawa, yaliyozongwa kama sanda na kutapakaa wekundu, pamoja na kanisa lililo mfano wa pango, ni kazi njema.

Lakini kwamba shaka hulindwa kwa kuficha, nimelisema miaka mingi, wala sitachoka: Jerzy Kawalerowicz alikwisha kuonyesha njia mwaka 1961, katika filamu yake ya Mama Joanna na watawa waliopagawa, alipompa Mieczysław Voit kuwa padre na kuwa rabi pia, akawaketisha uso kwa uso, mkato kwa mkato, sura moja ikijihoji yenyewe juu ya asili ya uovu, na shetani asionekane hata ukucha. Brook naye alipewa nafsi mbili, tabibu na yule kibiongo wa msituni, lakini uwili huo hauzai neno. Hata Justine anapoinuka katika jeneza lililojaa damu, mtu wa vitabu na dawa anasimama mbele yake akimrushia maji ya baraka.