Leta isiyo na dini na imani yetu

Kuna neno ambalo wahubiri na wakatekista wengi wanalitumia pasipo kulipima: «laïc». Kwetu katika Eklezya, mulaiki ni mkristu aliyebatizwa, asiye padri wala mtawa. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 1, inatumia neno lilo hilo juu ya Leta: maana yake, Leta haina dini yake yenyewe. Tena wengine wanalisikia kama «mwenye kumkana Mungu». Mambo matatu, neno moja. Ndiyo sababu mafundisho yanachafuka.

Tunajua hofu hii inatoka wapi. Mwaka 1954 Waziri Buisseret alianza kufungua masomo ya Leta yasiyo ya misioni, na mwaka 1956 chuo kikuu cha Leta kikafunguliwa Elisabethville, leo Lubumbashi. Wamisionere wengi waliona ni vita juu ya imani. Lakini tuulize: wakati Leta ilipopendelea misioni, nani aliumia? Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafia gerezani mulemule Elisabethville mwaka 1951. Miaka 30, juu ya kuhubiri! Kanisa lake lilipata ruhusa mwaka 1959 tu.

Halafu zamu yetu ikafika. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu, na Kardinali Malula akapaswa kutoka inchini. Mwisho wa 1974 Leta ikashika masomo yetu. Ikayarudisha kwa mapatano ya Februari 1977. Wengine wanasema: tazameni matunda ya Leta isiyo na dini! Hatukubali. Leta ile ilitaka mafundisho ya chama yakae mahali pa katekismu. Ilijifanya dini.

Basi, tuvipime kwa haki vyama vya wasioamini. Ubelgiji kuna Centre d'Action Laïque tangu 1969. Hata Kenya, Atheists in Kenya kiliandikishwa Februari 2016, kikasimamishwa Aprili mwaka uleule. Vyama hivi vikiomba Leta isilazimishe dhamiri ya mtu, vinaomba jambo ambalo Mtaguso wa Vatikano II ulilifundisha mwaka 1965 katika Dignitatis humanae. Lakini vikitaka imani ifungiwe nyumbani, tunawapinga. Wakristu waliotembea Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 kuomba Konferansi ya Taifa ifunguliwe tena, na wengine wakapigwa risasi wakafa, walibeba imani yao barabarani. Leta isiyo na dini haina haki ya kuwanyamazisha waamini.

Kwa katekista wa Kasenga, kando ya Luapula, shauri hili si la vitabu tu. Katika masomo ya mapatano, mtoto wa mzazi asiyesali anakaa benchi moja na mtoto wa mkristu. Akifukuzwa, ao akisukumwa kwenye ubatizo kwa kuogopa kunyimwa pointi, tumefanya lile tulilomlaumu Mobutu. Gaudium et spes inasema waziwazi kwamba waamini nao wana sehemu katika kuzaliwa kwa ukanaji-Mungu. Tumfundishe vema kusoma na hesabu, tumpokee kwa heshima. Imani tumtolee, tusimfunge nayo.