Nafsi ya Msomaji: Hotuba za Kimarekani Zisomwapo kwa Sauti

Wahakiki wa fasihi andishi wamezoea kuyakabili maandishi kwa macho, na mazoea hayo yamewaponza hasa walipozishughulikia hotuba. Hotuba ikishapigwa chapa huhesabiwa kuwa insha. Hoja zake hupimwa, tamathali zake huorodheshwa, na jambo moja huachwa: kwamba ilitungwa ili itamkwe na mtu fulani mbele ya watu fulani. Mwanafunzi wa utenzi hahitaji kuambiwa haya, maana anajua kuwa mizani ni ya sikio kabla ya kuwa ya karatasi. Makala haya yanachunguza maandishi machache yaliyojenga utamaduni wa Marekani, na yanadai kuwa yasomwapo kwa sauti hufichua jambo ambalo jicho hulipita upesi, nalo ni nafsi: nani asemaye ‘sisi’, nani aambiwaye ‘ninyi’, na nani aliyeachwa nje ya viwakilishi vyote viwili. Kiswahili kina bahati hapa, kwani neno ‘nafsi’ ni istilahi ya sarufi na papo hapo ni utu wenyewe wa mtu.

Azimio la Uhuru lilipitishwa tarehe 4 Julai 1776, na John Dunlap akalipiga chapa usiku uo huo. Lakini raia wengi walilipokea kwa masikio. Tarehe 8 Julai John Nixon alilisoma hadharani mjini Philadelphia. Kesho yake likasomewa majeshi ya George Washington mjini New York, ambako umati uliiangusha sanamu ya mfalme George III. Anayelisoma kimoyomoyo huvutiwa na utangulizi wake wa kifalsafa. Anayelisoma kwa sauti hugundua kuwa sehemu yake kubwa ni orodha ya mashtaka, na kwamba shtaka baada ya shtaka huanza kwa nafsi ya tatu umoja, yaani mfalme. Takriri hiyo humchosha msomaji wa kimya, ilhali msikilizaji humpandisha hasira. ‘Yeye’ mmoja anapotwikwa lawama zote, watu waliotawanyika katika makoloni kumi na matatu hupata njia ya kuwa ‘sisi’. Fani hapa si pambo la maudhui. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba Thomas Jefferson aliandika katika rasimu yake shtaka juu ya biashara ya watumwa, na Kongresi ikalifuta. Mtumwa aliyelisikia Azimio likisomwa hakuwa ‘yeye’ wala ‘sisi’.

Pengo hilo ndilo alilolikalia Frederick Douglass. Alipokuwa mtumwa mjini Baltimore, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alinunua kwa senti 50 kitabu cha Caleb Bingham kiitwacho The Columbian Orator, ambacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1797 kwa ajili ya kuwafunza vijana ufasaha wa kusema. Kitabu hicho kina maelekezo juu ya sauti na ishara za mwili. Kina pia mazungumzo ambamo mtumwa anamshinda bwana wake kwa hoja hata akaachiwa huru. Kwa hiyo Douglass alijifunza usomaji na usemaji kwa pamoja, na wala haishangazi kwamba maandishi yake hayatulii kwenye karatasi.

Tarehe 5 Julai 1852, katika ukumbi wa Corinthian mjini Rochester, alihutubu kwa mwaliko wa chama cha wanawake waliopinga utumwa. Azimio lenyewe lilikuwa limekwisha kusomwa kabla hajasimama. Hotuba yake huanza kwa unyenyekevu, kisha huwasifu waasisi wa taifa kwa kirefu. Lakini kila anapoitaja sikukuu, au uhuru, au waasisi hao, msemaji hutumia kimilikishi cha nafsi ya pili. Vyote ni vya wasikilizaji. Yeye hana fungu. Jicho huona silabi moja tu ya Kiingereza. Kinywani, kimilikishi hicho kinaporudi na kurudi, sifa zenyewe huanza kunuka shutuma muda mrefu kabla shutuma haijatamkwa waziwazi. Mfasiri wa Kiswahili hupata hapa mtihani mzuri. Kiingereza hakitofautishi umoja na wingi katika nafsi ya pili, ilhali Kiswahili humlazimu mfasiri kuchagua kati ya -ako na -enu. Muktadha unadai -enu. Mfasiri atakayeandika -etu, kwa adabu au kwa mazoea ya hotuba za sikukuu zetu, atakuwa ameiua hotuba nzima kwa silabi moja.

Katika jimbo la Massachusetts, tangu mwaka 2009, wananchi wamekuwa wakikutana hadharani kuisoma hotuba hii kwa zamu, kila mmoja kifungu chake. Zoezi hilo lina nguvu isiyopatikana katika usomaji wa faragha. Mtu ambaye babu zake huenda walikuwa upande wa mabwana husimama, hujivika nafsi ya Douglass, huwaambia jirani zake ‘ninyi’, kisha huketi na kugeuka mara moja kuwa mmoja wa hao ‘ninyi’. Lakini kuna hatari, nayo haijasemwa vya kutosha. Kuazima kinywa cha aliyeonewa ni rahisi kuliko kuketi na kulaumiwa. Msomaji aweza kuondoka akijiona mshtaki, naye amesahau kwamba hati ya mashtaka ilimtaja. Kinga iliyoko ni zamu yenyewe: msomaji mmoja akiachiwa hotuba yote, kinga hiyo hupotea. Fauka ya hayo, hotuba ni ndefu, na usomaji wa namna hii aghalabu hutumia muhtasari. Kifupisho chochote kinachozipunguza sifa za mwanzo hukosea. Ni zile sifa za subira zinazomfanya msikilizaji ajiegemeze kwenye kiti chake. Pasipo kuegemea, pigo halina mahali pa kumkuta. Mwaka 2020 vijana watano wa kizazi cha Douglass walirekodiwa wakisoma sehemu za hotuba hiyo, na hapo nafsi ilirudi nyumbani: ‘ninyi’ haikuhitaji kuazimwa.

Kuazima kinywa kuna mfano wa kusikitisha zaidi. Sojourner Truth, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alisema mbele ya mkutano wa haki za wanawake mjini Akron, Ohio, mwezi Mei 1851. Marius Robinson aliichapisha hotuba yake katika gazeti mwezi uliofuata, kwa Kiingereza cha kawaida. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1863, Frances Gage alitoa matini nyingine, yenye lafudhi ya watumwa wa kusini na swali moja linalorudiwa kama kiitikio. Swali hilo halimo kwa Robinson. Tena Truth alizaliwa katika jimbo la New York, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Matini ya Gage ndiyo iliyoenea, ikasomwa majukwaani kwa miaka mingi, na sababu yake yajulikana: kiitikio hukaa vizuri kinywani. Msomaji anayeiigiza lafudhi ile, hata awe na nia njema, hamwigi Truth. Anaiga alivyosikiwa na mwingine. Kwa macho kosa hili ni suala la wanahistoria. Kwa sauti ni kumnyang’anya mtu ulimi wake. Matini ya Robinson, ijapokuwa haina mshindo, ndiyo inayostahili kusomwa.

Hotuba ya Abraham Lincoln huko Gettysburg, tarehe 19 Novemba 1863, haina nafsi ya kwanza umoja hata mara moja. Ina maneno kama 270, na ilimfuata Edward Everett aliyesema kwa muda wa saa mbili. Wasomaji wa Kiingereza hubishana kama mkazo katika sentensi ya mwisho uangukie vihusishi vitatu vinavyofuatana au jina linaloandamana navyo. Msomaji wa tafsiri ya Kiswahili hana ubishi huo: kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viunganifu ni vya silabi moja, mkazo huwaangukia watu wenyewe, apende asipende.

Ugumu wa Martin Luther King ni kinyume cha huo. Hotuba yake ya tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu wapatao 250,000 mjini Washington, imerekodiwa, na rekodi hiyo imemfunga msomaji. Kila anayeisoma huiga mawimbi ya sauti ya King na kukimbilia sehemu ya ndoto, ambayo haikuwamo katika matini aliyoiandaa. Aliiongeza papo hapo, baada ya mwimbaji Mahalia Jackson kumpigia kelele aitaje. Nusu ya kwanza, yenye istiari ya hundi iliyorudishwa na benki kwa kukosa fedha, hupitwa mbio kama dibaji. Nayo ndiyo yenye deni linalodaiwa, na ndiyo inayolirudia Azimio la 1776 kuuliza ‘sisi’ yake ilikuwa ya akina nani. Isitoshe, rekodi ina sauti za watu wakiitikia. Hawamo katika matini iliyochapishwa. Msomaji aliye peke yake darasani hufika kwenye vituo vile akanyamaza kidogo, akisubiri, na hakuna ajibuye.