Kiti cha Mwenyeji

Kuna ufundi ambao hapa Kolwezi hatujausifu vya kutosha: ufundi wa kuandaa siku ya kufungua kiwanda. Tunamsifu mhandisi, tunamsifu mchomelea vyuma, tunamsifu mchimbaji anayeshuka shimoni na tochi kichwani. Lakini yule mama mwenye daftari, anayejua chifu atakaa wapi na jua la saa tano litapiga upande gani, hatumpi hata asante.

Mtazame kazini. Wiki tatu kabla ya shughuli anapiga simu baada ya simu na swali lake ni moja: "Baba, unavaa kiatu namba ngapi?" Kiwandani mgeni haingii bila kofia ngumu na buti, na mzee aliyebanwa na buti hasikii hotuba ya gavana. Asubuhi anakwenda uwanjani, anachota vumbi kiganjani na kuliachia, ajue upepo unatoka wapi. Hema lake halikai moshi unakoelekea. Ikiwa ni Novemba, anachimbisha mifereji pembeni, kwani mvua ya jimbo letu la Lualaba haingoji hotuba iishe. Jenereta anaweka mbili. Bukari na sombe anawapikia walioalikwa, pamoja na wale watakaokuja bila kualikwa.

Tanuru la kiwanda lenyewe ni mwalimu wa ufundi huu. Kwenye mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, magharibi ya mji wetu, limejengwa tanuru la kuyeyushia shaba lenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka, kubwa kuliko yote Afrika. Lilianza kupashwa moto tarehe 21 Novemba 2025. Shaba ya kwanza ikatoka mwishoni mwa Desemba. Matofali ya ndani hupashwa polepole ili yatanuke kwa pamoja; ukiyaharakisha, yanapasuka. Na watu ni vivyo hivyo. Kijiji kinachopata habari za kiwanda siku ya ngoma na misafara ya magari ya wakubwa ni tofali lililotupwa motoni likiwa baridi. Fundi wa kweli huanza mapema. Anakwenda kwa chifu, kanisani, sokoni, kwa wachimbaji wadogo. Anasalimu, anakaa, anaeleza, anasikiliza.

Sisi wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, tunaijua thamani ya kikao hicho. Mwaka 2014 mtu alichimba kiwanjani kwake akakuta kobalti, na mtaa ukamfuata, mashimo yakafika hadi chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ikahamisha mamia ya familia, ukuta ukajengwa, geti likawekwa. Geti linapofunguliwa mahali palipokuwa na jiko la mtu, mgeni ni nani na mwenyeji ni nani? Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Shughuli inayomwacha mwenyeji nje ya ukuta, akichungulia hema, haijamponya mtu, hata kama muziki ulisikika mji mzima.

Basi wewe utakayekabidhiwa daftari kesho, usianze na utepe wala mkasi. Andika kwanza jina la yule ambaye ardhi ilikuwa yake. Mpigie simu, muulize namba ya kiatu, na umwekee kiti kivulini, safu ya mbele.